Mwenye Kilio Habishiwi

Katika mtaa wa nyumba za zamani za kampuni ya madini, kule Dilala, Kolwezi, mwanamke akishikwa na uchungu wa kuzaa, kitu cha kwanza watu wa nyumbani wanachotafuta si taksi-moto, pikipiki ya kukodi, wala nguo za mtoto. Ni bidon, dumu la maji. Mama mkwe anapanda juu ya tofali, anapitisha kichwa juu ya ukuta na kupiga kelele: "Jirani! Mayi iko? Tunaenda kwa mama Fidélie!" Na jirani, hata kama amebaki na bidon moja tu ya kupikia bukari, ugali wetu, anaitoa bila kuuliza. Ndiyo maana katika mtaa ule hakuna uzazi wa siri. Ukiona taksi-moto inapita na bidon za njano zimefungwa huku na huku, na mama mwenye tumbo ameketi katikati kama malkia, unajua kesho kuna mtu mpya.

Huyo mama Fidélie Kalombo ndiye mkunga wa kituo cha afya cha mtaa. Mtu asimwone amevaa kitambaa kilichopauka na viatu vya plastiki akadhani ni mtu wa jana. Alizaliwa upande wa Lubudi, baba yake akiwa mfanyakazi wa reli, akasomeshwa na masista mpaka akajua kushona, kuandika barua na kukaa wima. Aliletwa Kolwezi akiwa bibi-arusi wa Donatien, dereva wa mashine kubwa ya kuchimba. Siku zile kampuni ilikuwa baba na mama. Mtoto alizaliwa kwenye maternité, nyumba ya uzazi ya kampuni, akapimwa uzito na kupewa maziwa, na mama yake akaogeshwa kwa maji ya moto yaliyotoka ukutani. Ndiyo, ukutani! Vijana wa leo wakisikia hivyo wanacheka, wanadhani wazee wanajitia utamu mdomoni. Lakini Fidélie aliyaona kwa macho yake, maana ni pale pale alipojifunza kazi, msichana mwenye aproni nyeupe, akiwaoshea wazazi mgongo.

Baadaye kampuni ikaugua. Mishahara ikachelewa, kisha ikasahau njia. Maziwa yakaisha, maji ya moto yakaisha, mwishowe hata ya baridi yakakatika. Donatien naye akaenda, kifua kikiwa kimechoka. Serikali ikakichukua kile kituo na kukiingiza katika zone ya afya, yaani wilaya yake, ikapaka rangi na kuweka kibao. Mabomba yakabaki ukutani, makavu. Fidélie alibaki pamoja nayo. Watoto aliowapokea walikua, wengine wakawa wachimbaji kule kwenye machimbo ya Mutoshi, wengine wakamletea watoto wao awapokee. Na kila mwanamke aliyefika mlangoni, swali lilikuwa lile lile: "Umekuja na mayi?"

Swali hilo lilimchosha kuliko kukesha. Mwisho wa mwaka huu alikuwa anakwenda pansheni, na hakutaka sherehe wala kitenge cha zawadi. Alitaka kitu kimoja: kabla hajaondoka, bomba la maternité litoe maji, na amwambie mwanamke mmoja tu, "Karibu, mama," bila kumuuliza kitu kingine.

Ndipo ikaja habari ya mpango.

Watu wa mtaa ule walikwisha kusikia mipango mingi ya afya ya nchi. Yote ilishuka kutoka Kinshasa kama mvua ya mbali: unaona wingu, unasikia ngurumo, shamba lako halilowi. Safari hii walisema mambo yamegeuka. Mpango wa miaka inayokuja utaota kutoka chini. Kila mtaa utasema shida yake ya kwanza, zone itakusanya, jimbo la Lualaba litakusanya, na nchi nzima itajua ianzie wapi. Aliyekuja kuyaeleza ni daktari mkuu wa zone, docteur Muamba, kijana aliyekulia Likasi, mpole, mwenye kufuta miwani yake kila anapoulizwa swali.

Siku hiyo walikusanyika katika ua wa kituo. Docteur alipanga mabeseni manne juu ya meza ndefu. Mbele ya kila beseni aliweka picha: bomba la maji, taksi-moto ya kubebea wagonjwa, taa ya jua, na nyumba ya kungojea, yaani banda la wale wanaosindikiza mgonjwa. Kila mtu akapewa mbegu moja ya maharagwe. "Weka pale unapoona ni shida ya kwanza," docteur akasema. "Hapa hakuna mukubwa wala mudogo. Mbegu ya mama muuza makala ya kupikia ni sawasawa na mbegu ya chef wa mtaa."

Fidélie aliifunga mbegu yake kiganjani. Alikuwa amewasikia watu wiki zote zile wakisema bomba, bomba. Falonne, muuza makala, yaani mkaa, wa pembeni ya barabara, mwenye mdomo usiofungwa hata akilala, alikuwa amesema mbele ya watu wote kwamba mjukuu wake alipozaliwa, bidon zilipinduka njiani, na mtoto akaoshwa kwa maji ya sachet, yale ya vifuko vya plastiki wanayouziwa wasafiri. "Mujukuu yangu alioga mayi ya kunywa kama mutoto ya ministre!" alisema, na watu wakacheka, lakini yeye mwenyewe hakucheka.

Kwa hiyo bomba lilikuwa limekwisha kushinda. Hivyo alivyodhani.

Kisha tata Kitenge, yaani mzee Kitenge, akaomba neno.

Kitenge alikuwa jirani wa Fidélie, ukuta kwa ukuta, mwashi wa zamani wa kampuni, mtu wa maneno machache. Mke wake, Louise, alikuwa rafiki wa Fidélie tangu wote wawili walipokuwa maharusi. Louise alikuwa amezikwa juzijuzi tu, baada ya kulazwa katika hospitali kubwa mjini. Kilio kilikuwa bado hakijaondolewa. Kitenge alikuwa na ndevu za matanga, hajanyolewa, shati lake halijafuliwa, na alitembea akiegemea fimbo ambayo zamani hakuihitaji.

"Docteur, mi sijue kusema mingi," alisema. "Siku Louise alikuwa kule ndani, mi nilikuwa inje. Mvua ilinyesha, niko inje. Jua ilitoka, niko inje. Kama munaandika kintu, muandike nyumba ya bale banangojea."

Akaketi.

Sasa, mtu wa kwingine hawezi kujua jambo hili, lakini katika mtaa ule hata mtoto analijua: mwenye kilio habishiwi. Mpaka siku anyolewe na kuogeshwa na watu wa marehemu, akisema kuna baridi, unajifunika nguo. Kuku wake akila unga wako, unamwangalia tu anakula. Ni heshima yetu, na ni nzuri. Inamshika mtu asianguke.

Watu wakaanza kupita mezani. Chef wa mtaa akaweka mbegu yake katika beseni la nyumba. Wamama wa kanisa, nyumba. Vijana wa taksi-moto, ambao asubuhi ile walikuwa wakiapa kwamba pikipiki ya wagonjwa ndiyo kila kitu, nyumba. Falonne alipita akifuta macho kwa ncha ya kitenge chake, akaweka mbegu yake taratibu kama mtu anayeweka ua juu ya kaburi. Nyumba.

Fidélie alikuwa wa mwisho. Alisimama mbele ya mabeseni na mbegu ikawa imelowa jasho. Alimpenda Louise kuliko wengi waliokuwa pale. Aliuosha mwili wake kwa mikono yake mwenyewe. Akaangalia picha ya nyumba, akaangalia picha ya bomba. Kisha akafungua kiganja.

Beseni la bomba lilikuwa tupu, la bati. Mbegu ilipoanguka ikalia, na ua mzima ukasikia.

"Eh! Mama Fidélie!" Falonne alisema. "Na udongo ya Louise haijakauka!"

Docteur Muamba hakuelewa lolote. Alifuta miwani, akahesabu, akaandika, uso wake ukang'aa. "Nimepita mitaa yote ya zone," alisema, "sijaona umoja kama huu."

Jioni ile Fidélie alikwenda kununua makala. Falonne akayafunika kwa gunia. "Makala imeisha," alisema, na makala yenyewe yanaonekana chini ya gunia. "Uende upikie bomba." Wanawake waliokuwa pale wakageukia upande mwingine, na Fidélie, mama wa watu wote wa mtaa, akarudi nyumbani na kikapu kitupu. Hakulia. Alikula mkate na chai baridi, akajiambia kwamba mtu aliyesimama wima miaka yote ile hawezi kuinama sasa.

Asubuhi alisikia fimbo ikigonga ukuta. Kitenge alikuwa upande wa pili, kichwa chake kikionekana juu ya matofali.

"Fidé. Ile mbegu ya bomba, ni yako?"

"Njo yangu, tata Kitenge," akakubali.

"Juu ya nini?"

Alikuwa amejitayarishia maneno marefu, lakini yaliyotoka ni mengine. "Juu Louise alizaa batoto benu bote mu mikono yangu. Na wale ba nyuma, wakati bomba ilishakauka, kila mara nilimuuliza mayi mbele ya kumuuliza habari."

Kuku walikuwa wakiparua ardhi upande wake na upande wa Fidélie.

"Na Falonne?" Kitenge akauliza. "Mujukuu yake si alioshwa na mayi ya sachet? Sasa mbegu yake inatafuta nini mu nyumba yangu?"

"Falonne analia Louise, tata. Bote banalia. Ile haikuwa maharagi, ilikuwa machozi."

"Basi docteur ameandika machozi yetu mu mpango ya inchi," Kitenge alisema, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi sauti yake ilikuwa na nguvu ya hasira. "Louise angenicheka. Angesema: Kitenge, mi nilikufa, na weye sasa unakausha bomba?"

Walikwenda wote wawili ofisini kwa docteur. Aliwasikiliza, akiwa amesimamisha kalamu. Fidélie alimweleza habari ya kilio, ndevu na heshima, pole pole, kama anavyomweleza mzazi wa kwanza jinsi ya kusukuma.

"Mi nilifikiri ni umoja," docteur alisema.

"Ni umoja, mutoto yangu. Ila ni wa kilio."

"Naweza kurudi Jumatatu, mbele ya zone kufunga mpango. Lakini papa, kama nikigawa mbegu tena, kutabadilika nini?"

"Hakuna," Kitenge akajibu. "Ikiwa niko na hii ndevu, bataweka pale pale. Nikibaki nyumbani, batatazama kiti yangu, ni mubaya zaidi." Akashika ndevu zake. "Inapashwa itoke."

Kusema ni rahisi. Mfiwa hajinyoi mwenyewe. Wembe uko mikononi mwa watu wa marehemu, na watu wa Louise walikuwa Lubudi, na mkubwa wao alikuwa dada yake, mama Noëlla, mwanamke ambaye hata mbuzi wake walimsalimu kwa adabu. Na kilio hakiondolewi kabla ya wakati wake ila kwa sababu moja inayojulikana: mwanamume ameona mwanamke mwingine. Kitenge alijua kinachomngojea. Kwa hiyo akamwomba Fidélie amsindikize, na walipopanda gari la Lubudi pamoja, mtaa mzima ulifungua macho. Falonne alisema kwa sauti ya kusikika mpaka kituo cha gari: "Aah! Sasa tunaelewa bomba inapeleka mayi wapi!"

Mama Noëlla alikuwa akianika muhogo. Hakuacha kuanika. Alimsikiliza shemeji yake akitaja neno wembe, kisha akamwonyesha Fidélie kwa midomo.

"Ni huyu?"

"Yaya Noëlla," Fidélie akasema, akimwita dada mkubwa, "Donatien wangu alikufa na hamu yangu ya bwana akaenda nayo. Na huyu, namusikia akikoroma kupita ukuta. Ungenilipa, singekubali."

Pembe ya mdomo wa Noëlla ilitikisika, lakini akaikaza. "Basi juu ya nini haraka? Ndugu yangu alikuwa mubaya sana, unataka kumutosha mbio mbio kama vumbi ku nguo?"

Kitenge alikaa chini, juu ya udongo, kama inavyompasa mkwe. "Yaya, mi niko sasa kama jiwe mu njia," alisema. "Bantu hawapite bila kuniinamia. Bananipenda, njo bubaya yenyewe. Banaacha shida yao juu ya ile yangu. Kama ungesema nikae na ndevu mpaka inagusa magoti, juu ya Louise nitakaa. Lakini mpango hautaningojea, na bale batoto batazaliwa bila mayi juu ya ndevu yangu."

Noëlla akamgeukia Fidélie. "Na Louise? Weye ulimujua. Angesema nini?"

Fidélie akasimulia. Siku ya mtoto wa mwisho, Kitenge alikuwa kazini na majirani walikuwa shambani. Louise alishikwa na uchungu peke yake. Alijaza bidon kwenye kisima, akajitwika, akatembea mpaka maternité akisimama kila uchungu ulipokuja, mkono mmoja kwenye ukuta wa watu, mkono mmoja juu ya bidon isianguke. Alipofika aliishusha mwenyewe, akasema, "Mayi hii hapa. Sasa nipokee, nimechoka." Na mtoto alitoka kabla hawajampandisha kitandani.

Noëlla aliacha muhogo. Aliketi juu ya kinu kilichopinduliwa, akafunika uso kwa mikono yenye unga, akalia kwa sauti ya chini. Hakuna aliyemnyamazisha. Alipofunua uso ulikuwa mweupe wa unga, na macho mekundu, na hakujali.

"Hakutuambia hiyo," alisema. "Alituambia tu mutoto ni muzima." Akasimama. "Nitakuja mimi mwenyewe. Na sitamunyoa kwa siri mu nyumba, hapana. Mbele ya bantu bote, basiseme Lubudi ilimutupa."

Alikuja Jumamosi, na wembe mpya na munkoyo, kinywaji cha mahindi, katika ndoo. Kitenge aliketi kwenye kiti cha chini katika ua wake, mtaa ukiwa umejaa mpaka juu ya kuta. Noëlla alimnyoa taratibu, akimgeuza kidevu kama mtoto, na nywele nyeupe zilianguka juu ya kitenge cha Louise kilichotandikwa chini. Kisha akamwogesha kichwa na mikono kwa maji ya bidon. Bila ndevu Kitenge alionekana mdogo na mzee kwa pamoja, na watu wengi waliangalia pembeni, maana sasa ndipo walipoona kwamba Louise amekwenda kweli.

"Kuanzia leo," Noëlla alisema kwa sauti kubwa, "huyu ni muntu kama bantu bote. Mwenye kumubishia, amubishie. Mwenye kumutukana, anaweza kumutukana."

Ikaja sauti ya Falonne kutoka nyuma: "Tata Kitenge, kuku yako inakula unga yangu tangu siku ya kilio!"

Ua ulipasuka kwa kicheko. Kitenge naye alicheka, machozi yakimtiririka kwenye mashavu yaliyonyolewa. "Uikamate, uipike," alisema. "Ila uniletee muguu."

Jumatatu docteur Muamba alirudi na mabeseni yake. Kitenge alisimama tena na kusema yale yale. "Mi nabaki ku nyumba yangu ya kungojea. Lakini leo munibishie."

Walimbishia! Ua ukawa kama soko. Falonne alisimulia ile sachet mpaka docteur mwenyewe akaona aibu kana kwamba ndiye aliyeiuza. Gael, mkubwa wa vijana wa taksi-moto, alisema maji bila pikipiki ni kazi bure, kwa sababu bibi wa mchimbaji kule Mutoshi anazalia njiani. Mwanamke mmoja akamwambia, "Weye unataka pikipiki uipande weye," naye akaapa kwa mama yake. Chef wa mtaa alitaka taa, akaulizwa kama ni ya maternité au ya nyumba yake ya jirani. Docteur alijaribu kuandika, akaacha, akabaki anasikiliza, kalamu ikiwa nyuma ya sikio. Hata yeye sasa aliona kwamba ile siku ya kwanza alikuwa hajasikia kitu.

Mbegu zilipowekwa, hakukuwa na umoja hata kidogo. Kila beseni lilikuwa na zake. Lakini la bomba lilikuwa limejaa kuliko yote, na la pikipiki likafuata. Katika la nyumba zilikuwa mbegu chache, na moja ilikuwa ya Kitenge. Alisimama kando yake akimtazama Fidélie akikaribia na mbegu yake.

"Fidé. Hata leo? Hata mbegu moja ya huruma?"

"Huruma iko, tata," Fidélie akajibu, akiitupa katika bomba. "Mbegu njo haiko."

Safari hii haikulia. Iliangukia juu ya zingine. Na Falonne, aliyekuwa nyuma yake, akampiga bega kidogo na kusema kwa sauti ya chini, "Upite jioni. Makala iko." Hakusema samahani, na Fidélie hakuihitaji.

Kabla ya kuondoka, docteur alimwita pembeni. Akamwambia kweli yote, kwa sababu alikuwa amekwisha kujifunza kwamba mama huyu hapendi maneno yaliyopakwa mafuta. Bomba litaandikwa la kwanza. Zone itapeleka jimboni, jimbo litapeleka Kinshasa, na kila ngazi ina mkono wake wa kukata. "Sitakupa tarehe, mama. Ningekupa, ningekudanganya."

"Mbele ya pansheni yangu?"

Alifuta miwani. "Sijue."

Fidélie aliitika kwa kichwa. Iliuma, asiseme mtu kwamba haikuuma. Alikuwa ameomba kitu kimoja, akakosana na watu, akaenda mpaka Lubudi, na huenda bomba lile lingefunguliwa na mkono wa mwingine. Lakini kulikuwa na kitu kingine pia, kitu kama kupumua: sasa shida ile haikuwa yake peke yake. Ilikuwa imeandikwa na watu waliogombana juu yake.

Walirudi nyumbani pamoja, yeye na Kitenge, pole pole kwa ajili ya fimbo. Taksi-moto zilipita zikipiga honi, dereva mmoja akawasalimu, "Ba maharusi!" na Kitenge akamrushia fimbo kwa mchezo.

"Tata Kitenge," Fidélie alisema. "Ile nyumba yako. Inaniuma vile haikushinda. Ungetaka, tungeongea na baashi benzako, miti na bati inapatikana..."

Kitenge alitikisa kichwa. Alitembea kidogo kabla ya kujibu.

"Mvua si kintu, Fidé. Nilifanya kazi mu mvua maisha yangu yote. Nilisema nyumba juu picha ilikuwa ya nyumba. Hakukuwa picha ya ile nilitaka." Akasimama. "Kule mujini, walifunga mulango, Louise akabaki ndani, na hakuna muntu alitoka kuniambia kintu. Asubui, mangaribi, mulango inafunguka, nasimama, namuona muntu ya blouse nyeupe anapita na macho yake mbali. Siku waliniita, alikuwa amekwisha kufa. Ningekuwa ku jua kali, hata ku barafu, kama muntu mumoja angetoka akasema: papa, bado anapumua. Ile tu."

Fidélie alikuwa amekaa upande wa ndani wa mlango maisha yake yote. Alijua maumivu yote ya upande ule. Waume na mama wakwe waliokuwa nje, aliwaita wakati mtoto amezaliwa au wakati damu inatakiwa. Kati ya hapo, walikuwa nje tu. Hakuwahi kuwafikiria kama watu wanaoumwa.

Mvua za kwanza zilikuja, na bomba lilikuwa bado kavu, na mpango ulikuwa bado njiani, sijui katika ofisi gani. Mchana mmoja aliletwa msichana wa mimba ya kwanza, Jémima, mke wa mchimbaji. Alikuja na bidon zake. Fidélie alijizuia, akamwambia kwanza, "Karibu, mama," ndipo akazipokea. Mume alibaki nje, kijana mwenye udongo wa Mutoshi bado kwenye nywele, akikunja na kukunjua kofia yake chini ya paa la veranda.

Uchungu ulikuwa wa pole pole. Baada ya muda Fidélie aliosha mikono, akafungua mlango na kutoka. Kijana aliruka wima.

"Bado," Fidélie akamwambia. "Lakini eko muzuri. Njia inafunguka. Ameniomba chai, nimemupa."

Kijana alimtazama kana kwamba amepewa mtoto mwenyewe. "Aksanti, mama. Aksanti."

Alirudi ndani. Akamsugua Jémima mgongo, akamtembeza, akamkemea kidogo, akamchekesha kidogo. Mvua ilipiga bati. Hakuna kilichobadilika. Lakini mlango ukafunguka tena, na kijana akaruka tena, macho yamemtoka.

"Hakuna ya mupya," mama Fidélie alisema. "Nimekuja tu kukuambia vile."